RAM iliyoongezwa spidi inaharibu Windows, halafu fundi anakuuzia diski

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku mwisho wa reli. Mi sio mwandishi, nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, natoa fotokopi, nachapa, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za kazi na za mkopo wa chuo. Gazeti lenu nalisoma nikiwa nasubiri printa ipoe, ndo nikakutana na ile makala ya kompyuta iliyowaelekeza vijana namna ya kuongeza spidi ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, bila kununua kitu, na mwishoni mwandishi akasema ukikosea hakuna baya lolote, kompyuta itagoma kuwaka tu, utarudisha kama ilivyokuwa, basi. Hiyo "basi" ndo imenifanya niandike.

Ikigoma kuwaka shukuru Mungu, manake umejua hapohapo kwamba umezidisha. Kasheshe ni ile inayowaka vizuri, inafungua Windows, inapiga muziki, inachapa barua, afu humo ndani inakosea sehemu moja katika mabilioni na haimwambii mtu, na hilo kosa linaenda kuandikwa kwenye diski likiwa limevaa nguo za kweli. Mi limenikuta na limenila hela.

Mwaka juzi niliunga kompyuta ya mezani ya vitu vya mtumba, prosesa Ryzen 5 3400G ambayo haihitaji kadi ya picha, na vijiti viwili vya RAM vya DDR4, kila kimoja GB 8, kimoja cha spidi 3200 na kingine cha 2666, nilivipata kwa nyakati tofauti na kwa watu tofauti, na vilikaa pamoja miezi bila ugomvi. Mpwa wangu akaja likizo kutoka chuo Dar. Usiku nikifunga duka anabaki anacheza gemu, na kwa sababu mashine kama hiyo picha zake zinatumia RAM ileile ya kompyuta, ukiongeza spidi ya RAM gemu kweli linachangamka, hapo simbishii. Akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, akaweka vijiti vyote 3600, umeme volti 1.35. Asubuhi ananiambia mjomba nimekuongezea spidi ya bure. Nikamwambia ahsante mjomba, mi najua nini.

Wiki nzima raha tupu. Wiki ya pili menyu ya Start ikawa unaibonyeza haifunguki. Afu apdeti zikawa zinafika katikati zinarudi nyuma, kila siku, bando linaisha. Afu ikaja skrini ya bluu, leo imeandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, yaani kila siku na sababu yake kama mtoto asiyetaka shule.

Nikaita fundi, simtaji na wala sio mtu mbaya. Akaangalia kama dakika tano, akasema mzee diski yako imekwisha. Nikanunua diski mpya ya SSD. Akaanza kupiga Windows upya, ikafika nusu ikakataa, ikatoa namba 0x80070570 kwamba faili limeharibika au halisomeki. Akasema fleshi yake mbovu, akaleta nyingine. Ya pili ikakubali, nikamlipa, siku nne tu menyu ya Start ikagoma tena. Sasa akasema ni virusi kutoka kwenye fleshi za wateja, nikanunua antivirusi, akapiga Windows mara ya tatu. Hapo mpwa kesharudi chuo na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumuuliza alichofanya kwenye BIOS.

Kilichonitoa usingizini ni picha. Kijana mmoja wa Katubuka alikuja kupiga pasipoti ya maombi ya kazi, akapendeza kabisa, nikahifadhi, kesho yake anarudi kuomba nakala zaidi, nafungua faili: sura safi mpaka kidevuni, kuanzia kidevu kushuka chini shati lote limekuwa la kijani na limehama upande. Picha ya JPEG inasomwa kutoka juu kwenda chini, ikikutana na alama moja iliyokosewa basi kila kitu baada ya hapo kinaweza kupotea njia. Na mbaya zaidi nakala niliyoiweka kwenye diski ya nje kwa usalama nayo ilikuwa na shati la kijani, manake nilinakili kutoka kwenye mashine ileile, kwa hiyo nilichotunza kwa usalama ni uharibifu wenyewe.

Nikachukua faili moja la zip, mitihani ya shule tuliyochapa, nikalifungua mara tano mfululizo kwenye folda tano. Mara mbili likafunguka vizuri. Mara tatu likalalamika CRC, yaani namba ya kuhakiki faili, imekosea, na kila safari linalalamikia faili tofauti! Hapo nikakaa chini. Diski mbovu haifanyi hivo jamani. Diski ikioza pahala imeoza palepale, faili lililokufa leo na kesho limekufa. Hili linakufa na kufufuka, manake kilichoko kwenye diski ni kizima na kinaharibikia njiani, na njia yote inapita kwenye RAM.

Sasa wale wanaouliza RAM inaharibuje Windows wakati RAM ukizima umeme inasahau kila kitu. Swali zuri, hata fundi aliniuliza hivohivo. Nendeni pale mwalo wa Kibirizi alfajiri mitumbwi ikiingia na dagaa. Kuna karani anahesabu ndoo, anaiweka hesabu kichwani, afu anaandika kwenye daftari. Kichwa ndo RAM, daftari ndo diski. Mkimharakisha ahesabu mara mbili zaidi haanguki wala halii, anaendelea tu, ila mahali pa 41 anaandika 47. Kesho mkimwambia apunguze mwendo atahesabu sawasawa, lakini ile 47 ya jana imo kwenye daftari na wino umekauka. Windows haiandiki kitu kwenye diski bila kukipitisha kichwani. Apdeti inashuka imebanwa, inafumuliwa ndani ya RAM, ndo inaandikwa. Rejista, ambako Windows inaweka mipangilio yake yote, inakaa kwenye RAM inabadilishwa humo afu inamwagwa kwenye diski. Kikikosewa humo diski inapokea kosa na inalitunza kwa uaminifu kabisa, maana yenyewe inajuaje, imeletewa imeandika. Mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, NTFS, wanaotumia wengi wenye Windows hauweki alama ya kuhakiki yaliyomo ndani ya mafaili yako.

Na kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kuchekesha. Humo ndani herufi p ni 01110000 na t ni 01110100, tofauti ni kitobo kimoja, yaani 0 moja au 1 moja. Kikigeuka hicho kimoja paka anakuwa taka. Tarakimu 1 ni 00110001 na 9 ni 00111001, tena kitobo kimoja tu. Kuna mwalimu wa hesabu alinirudishia mtihani, swali lilikuwa machungwa 10 limetoka machungwa 90 na jibu halikugawanyika, siwezi kuapa kwamba ni RAM kwa sababu binti anayenichapia naye ana siku zake, ila tangu nijue hesabu hiyo ya 1 na 9 nimemwomba radhi kimoyomoyo.

Vijiti vyangu viwili kwa pamoja GB 16 vina vyumba zaidi ya bilioni 137, kila kimoja kimeshika chaji kidogo mno ambayo inavuja, ndo maana RAM inajazwa upya yote ndani ya kila sehemu 64 za elfu za sekunde, na joto likizidi inabidi ijazwe mara mbili ya hapo kwa sababu chaji inavuja haraka zaidi. Kusoma chumba kimoja kunataka kusubiri kidogo chaji itulie isomeke kama ni 0 au 1. Ukiongeza spidi na kupunguza muda wa kusubiri unasoma kabla haijatulia, mara nyingi unapatia, mara moja moja unabahatisha. Na sio kijiti peke yake, ndani ya prosesa kuna sehemu inayoongea na RAM nayo ina kiwango chake, hiyo 3400G yangu watengenezaji wanaihesabia mpaka 2933, sisi tukaipeleka 3600 na vijiti viwili visivyofanana. Kijiti cha 2666 mpaka leo namwonea huruma.

Hapa kuna kitu makala yenu ilikipita haraka. Kijiti kikiandikwa 3200 kwenye boksi watu wanadhani ndo spidi yake ya kuzaliwa. JEDEC ndo wanaopanga viwango, na DDR4 kwa viwango vyao inaanzia 1600 inaishia 3200 kwa volti 1.2. Vijiti vingi vya magemu ukivichomeka vinawaka kwa spidi ya chini, mpaka uwashe kitu kinaitwa XMP, mipangilio ya spidi ya juu iliyohifadhiwa ndani ya kijiti, ambacho Intel walikileta 2007 enzi za DDR3, AMD nao wakaja na EXPO 2022 kwenye DDR5. Ukiwasha XMP kwenye DDR4 mara nyingi volti inapanda mpaka 1.35. Mtengenezaji wa kijiti kakipima kijiti chake, lakini hajapima mazabodi yako, prosesa yako, wala bati la duka lako. Kwa hiyo hata kuwasha XMP tu, kitufe kimoja, tayari unaweza kuwa umetoka nje ya kiwango cha prosesa bila kujijua.

Bati sijalitaja kwa utani. Nilipakua Memtest86+, programu ya kupima RAM, ya bure, inakaa kwenye fleshi, unawasha nayo kompyuta kabla Windows haijaingia. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi hakuna kosa hata moja. Nikataka kuamini RAM nzima, nikakasirika. Afu nikasema ngoja niijaribu saa nane mchana, ilikuwa Septemba mvua bado, bati limeshika moto mpaka kalamu za kuuza zinalegea. Haikumaliza nusu saa mistari myekundu ikaanza kushuka. Nikarudisha BIOS kwenye mipangilio yake ya mwanzo, RAM ikarudi 2666, nikapima mchana huohuo na usiku wake na mchana uliofuata, safi. Nikatoa kijiti kimoja nikapima kimoja kimoja, vyote vizima. Hakuna kilichokufa! Diski ya kwanza nzima, nimeiweka kwenye kompyuta ya fotokopi inafanya kazi mpaka leo. Fleshi za fundi nzima. Virusi hakuna. Niliponunua SSD na antivirusi na kulipia Windows mara tatu nilikuwa natibu daftari.

Na huku kwetu kila ugonjwa wa kompyuta unasingiziwa umeme, umekatika, umerudi kwa nguvu, kompyuta imeumia. Ni kweli umeme ukikatika katikati ya kuandika faili linaweza kuharibika, sikatai, lakini mi nina UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Hiyo imani ya umeme ndo iliyonichelewesha, maana kila aliyeingia dukani alinipa pole ya umeme nikaipokea.

Nisieleweke vibaya, simkatazi mtu. Wapo wengi wanaoongeza spidi miaka na Windows zao nzima, kwa sababu walipima na ilikaa sawa. Spidi yenyewe haiharibu kitu, kinachoharibu ni makosa, na spidi iliyozidi uwezo ndo inayazaa. Na RAM hukosea hata bila kuguswa, mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia seva za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vinapata kosa ndani ya mwaka mmoja. Seva lakini zinatumia RAM ya ECC, kila vitobo 64 vya data vinasindikizwa na 8 vya ulinzi, kikikosewa kimoja kinasahihishwa papo hapo. Kompyuta zetu za dukani hazina hiyo. Wenye DDR5 wasijitape sana, ile ECC iliyomo ndani ya chipu zake inalinda humohumo ndani ya chipu, data ikitoka njiani kwenda kwa prosesa haisindikizwi na mtu.

Ombi langu kwa mafundi wa hapa Kigoma na kwingine ni hili moja, mteja akileta kompyuta yenye skrini za bluu za kila aina, kabla hujamwambia anunue diski ingia BIOS uangalie RAM iko spidi gani. Ni dakika mbili. Kama XMP imewashwa au kuna mtu kaandika namba zake, rudisha mwanzo, pima na Memtest, ikiwezekana mchana wa joto, mizunguko kadhaa sio dakika kumi. Ndo uje kwenye Windows, na huku watu wengi wanaanza kinyume. Mtu anafungua ile dirisha nyeusi anapiga sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya Windows, huku RAM bado inakosea, sasa mkaguzi mwenyewe anasoma kwa miwani mibovu, anaweza kuona kosa pasipo na kosa, au akarekebisha kwa kuandika kosa jipya. RAM ikishatulia piga chkdsk ya kukagua diski, afu DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ya kurekebisha Windows yenyewe, hiyo inataka intaneti kwa hiyo jiandae na bando au uielekeze kwenye fleshi ya Windows ya toleo lilelile, halafu ndo sfc. Mimi vilirekebisha vingi lakini menyu ya Start iligoma kurudi, nikapiga Windows upya mara ya nne, mwenyewe, na ile fleshi ya fundi iliyoitwa mbovu. Haikusumbua mpaka leo naandika.

Mafaili ya watu lakini hakuna amri ya kuyarudisha. sfc inarekebisha mafaili ya Windows tu, haijui shati la kijana wa Katubuka lilikuwa la rangi gani. Wiki mbili za kazi nimezipitia faili moja moja, zilizoharibika nimechapa upya kwa hela yangu, na zipo ambazo wenyewe hawajarudi, sijui zikoje huko ziliko.

Mpwa nilimpigia simu. Akanyamaza, afu akasema mjomba samahani, lakini ilikuwa inawaka. Nikamwambia ndio mjomba, ilikuwa inawaka. Likizo hii amekuja, gemu analicheza kwa 2666 na ananung'unika kwamba linatembea kama mtumbwi uliojaa mawese.

Kwa hiyo mhariri kama makala ile mtaitoa tena, pale penye "itagoma kuwaka tu" muongeze kwamba isipogoma mtu apime kwanza kabla hajaweka kazi zake. Yule mwalimu wa hesabu bado mteja wangu, ila siku hizi halipi mpaka aukalie mtihani palepale kwenye benchi, akipitisha kidole kwenye kila tarakimu.

Mwenye stesheneri,
Mwanga, Kigoma.